Mifuko ya Mchanga Kwenye Gari la Bibi

Msimamizi wa ujenzi aliniita asubuhi na kunionyesha kwa kidevu mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya mtaro. "Yule umwangalie," alisema. "Kila anachogusa, kila anachotia kwenye gari, andika."

Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye ujenzi mmoja Dubai. Mtaro wa mabomba ulikuwa unapita karibu na makaburi ya kale, ya watu waliozikwa zama zile Warumi wakitawala mbali huko. Kwa sababu hiyo ilitakiwa awepo mtaalamu wa mambo ya kale kila mashine ya kijiko inapochimba. Ndiye yule mama. Alivaa abaya iliyopauka kwa vumbi, buti za kazi, na kofia ngumu juu ya mtandio. Akiinua mkono, dereva wa kijiko, Mpakistani mwenye ndevu nyeupe, anasimamisha mashine. Akiushusha, kazi inaendelea.

Nikamwangalia. Ukimwangalia mtu kwa nia ya kumkamata, kila analofanya linakuwa baya. Akiinama, nasema anaficha. Akinipa mgongo, nasema anatia mfukoni. Mara kadhaa kwa siku alichota mchanga akautia kwenye vifuko vya plastiki, akavipeleka kwenye gari lake. Mchanga! Nani Dubai anahangaika kubeba mchanga? Lazima ndani kuna kitu. Nikaandika kila kifuko na saa yake.

Siku ya nne, mchana, nilikuwa kivulini nikiongea na dada yangu wa Tanga kwa simu. "Kuna bibi mmoja hapa," nikamwambia, "anaiba vitu vya wafu. Nitamnasa tu."

"Mwanangu," sauti ikasema nyuma yangu, "wafu hawa hawana kitu cha kumtajirisha mtu."

Nikageuka: ni yule bibi mwenyewe. Kiswahili cha Unguja kabisa.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Hakucheka wala hakukasirika. Alisema wazee wake walihamia huku yeye akiwa mdogo, na nyumbani kwao hawakuiacha lugha. Kisha akafungua gari. Kila kifuko kilikuwa na karatasi yenye namba na kina cha mtaro. Mchanga ule ukichekechwa, alisema, hutoa mbegu, mkaa, vipande vya mifupa. Kwenye kiboksi kidogo alikuwa na kipande cha kioo cha kijani, hakifiki ukubwa wa ukucha. "Hiki kilitengenezwa kwa Warumi. Wafanyabiashara wakakileta huku, na mtu akazikwa nacho."

Karibu nimwamini. Lakini kwenye basi la kurudi Naif, mtaa niliokuwa nikiishi, nikajiuliza: kama ni mtu safi, kwa nini alinisikiliza siku nne nzima nikiongea Kiswahili, akanyamaza? Kesho yake nikaandika na kile kioo.

Kumbe msimamizi alikuwa akingojea neno kama hilo. Alikuja na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema nimemwona akichukua vitu vya thamani bila ruhusa.

"Sir, mimi niliandika kipande cha kioo."

"Kioo cha kaburini si kitu cha thamani? Yalla, haraka, weka saini."

Nikaweka. Siku iliyofuata kiti cha kukunja hakikuwepo. Bibi aliambiwa akae nyumbani mpaka achunguzwe.

Hakuletwa mtaalamu mwingine. Saa nne asubuhi kijiko kilifika kwenye kamba nyekundu ambayo bibi aliifunga mwenyewe kuzuia upande wa makaburi. Dereva akasita, akamtazama msimamizi. "Yalla, yalla!" Kijiko kikavuka kamba, ndoo yake ya kuchimbia ikashuka. Hapo nikaelewa ni nani niliyepaswa kumwangalia tangu mwanzo.

Namba ya bibi ilikuwa kwenye daftari la geti, alipojiandikisha siku ya kwanza. Nikaenda nyuma ya choo cha mafundi, nikampigia.

"Bibi, wanachimba ndani ya kamba."

"Wameanza saa ngapi?"

"Sasa hivi, saa nne na dakika kumi. Bibi, nisamehe, mimi ndiye niliye—"

"Najua ni wewe. Ndoo imefika wapi?"

Kabla ya adhuhuri maofisa walifika, naye akiwa pamoja nao. Kazi ikasimamishwa, sote tukahojiwa mmoja mmoja. Kaburi moja lilikuwa limekatwa ubavuni, mifupa ya miguu ikachungulia kwenye ukuta wa mtaro. Bibi alinipita bila kunitazama, akapiga magoti, akaanza kuondoa mchanga kwa brashi.

Wiki ile nilihamishiwa kwenye ghala la vipuri, Ras Al Khor. Sikuambiwa sababu. Nikajua nimechongewa. Aliyeniona nikienda nyuma ya choo na simu ni mmoja tu, dereva wa kijiko. Macho yetu yalikutana akiwa juu ya kiti chake. Nilimchukia kwa miezi mingi.

Ijumaa moja nikakutana naye Naif, kwenye duka la mabegi. Yeye ndiye aliyeanza, kwa kile Kiarabu chetu cha kazini.

"Wewe, uliwaambia maofisa nilivuka kamba kwa kupenda kwangu?"

Naye alikuwa ameondolewa wiki ileile.

"Mimi niliwaambia umeamriwa," nikamjibu. "Na wewe, ulimwambia msimamizi kwamba nilipiga simu?"

"Wallahi sikusema."

Tulisimama katikati ya njia, watu wakitusukuma na mizigo yao. Nilitaka kumwamini, na nadhani naye alitaka. Tukapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Nilipofika pembeni ya duka nikageuka kumtazama, nikakuta naye amegeuka.