Wanja wa Mtakatifu Lusia

Kila nikisikia harufu ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile kali inayopanda puani mpaka machozi yanatoka, narudi kwenye sebule yetu ya ghorofa ya pili, mtaa mmoja nyuma ya soko la Kariakoo, mwaka niliokuwa nikijiandaa kwa Kipaimara, sakramenti ya kuuthibitisha ubatizo wangu. Sebule ile ilikuwa nusu nyumba, nusu stoo. Mama yangu aliuza vitenge kwa jumla, na marobota yaliyokosa nafasi dukani yalilala kwetu, tukayakalia badala ya makochi. Chini, tangu alfajiri, wasukuma mikokoteni walikuwa wakipiga kelele watu wapishe njia, na vibanda vya kanda vilishindana kwa muziki. Juu, katikati ya marobota na harufu ya vitenge vipya, mama mdogo Felista alinisimulia maisha ya watakatifu.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama wa kufuatana, ametoka Kilimanjaro kuja kumsaidia dukani, na kwa kusimulia hakuwa na mpinzani. Jioni akichambua mchele, ungo mapajani, alinipa Agnesi aliyekataa kuolewa na mpagani, alinipa Kizito aliyekwenda motoni akicheka, na zaidi ya wote alinipa Lusia, bikira aliyefungiwa ng'ombe wamburute na asitikisike hata kidogo. Wote aliwamaliza kwa maneno yale yale, taratibu, akiacha kuchambua: "Akaulizwa. Akasema kweli. Hakupepesa macho." Nilimwamini kuliko nilivyomwamini padri. Nilipoambiwa nichague msimamizi, yaani mtu mzima atakayeniwekea mkono begani mbele ya askofu, sikufikiria mara mbili. Nilimchagua yeye, na jina la Kipaimara nikachagua Lusia. Gauni jeupe lilikwisha kushonwa, likatundikwa nyuma ya mlango, na kila nikipita nililigusa.

Lusia ndiye alikuwa somo, yaani mtakatifu mlinzi, wa jumuiya yetu, zile familia chache za Kikatoliki za mitaa yetu zilizosali pamoja kila Jumapili jioni. Sanamu yake, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ilizunguka nyumba kwa nyumba, kila familia wiki moja. Alikuwa na mashavu ya waridi na macho ya buluu, na mkononi alishika sahani yenye macho mengine mawili, yale aliyong'olewa. Nilimuuliza mama mdogo inakuwaje mtu awe na macho usoni na mengine kwenye sahani. Akanijibu kwamba Mungu hamwachi anayesema kweli akae bila macho. Jibu lile lilinitosha kabisa.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Mama Deo, muuza masufuria, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Bila neno lake kwa paroko hupati sakramenti, uwe mtoto wa Kipaimara au mtu mzima wa ndoa. Na mama mdogo alikuwa akingoja ndoa. Mchumba wake alikuwa mpwa wa Mama Deo huyo huyo, na ilijulikana kwamba Mama Deo alimwona mkwe wake mtarajiwa kuwa ni mwepesi mwepesi, anacheka sana. Ndiyo maana wiki ilipofika ya Lusia kukaa kwetu, mama mdogo aliapa kwamba sanamu itatoka iking'aa kuliko ilivyoingia.

Jumapili ile mchana mama alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa Upanga. Mama mdogo alimimina dawa ya kung'arishia kwenye beseni, akaongeza maji kidogo sana, akamlaza Lusia humo kama anavyoloweka mashuka. Alipomtoa, mtakatifu hakuwa na uso. Waridi limekwenda, midomo imekwenda, na mahali pa macho pamebaki plasta tupu. Yale ya kwenye sahani tu, ambayo hayakuzama, yalibaki yakitukodolea. Mama mdogo alikaa sakafuni. Kisha akainuka, akaenda kwenye pochi yake, akarudi na wanja.

"Nishikie kichwa," akaniambia, "kisicheze."

Nikashika. Akamchora nyusi, akamchora kope, akamchora mboni, na kila akikosea alizidisha. Lusia akawa amerembwa kama bibi harusi wa siku ya pili. Leo ningecheka. Siku ile nilisali tu, vidole vyangu vyeusi kwa wanja uliomchuruzika, nikiwa na hakika kwamba Mama Deo akija mama mdogo atamweleza, atagombezwa, na yatakwisha.

Wanajumuiya walikuja kabla ya Magharibi, wakajaa kwenye marobota. Mama naye alikuwa amerudi, akawakaribisha. Mama Deo aliinua kitambaa alichofunikwa Lusia. Akazungusha macho yake mpaka yakatua kwenye mikono yangu.

"Nani amemfanyia mtakatifu hivi?"

Nilimtazama mama mdogo. Ninakumbuka kwamba sikuogopa, nilikuwa nikimngojea tu, kama ninavyongojea mwisho wa hadithi ninaoujua. Ameulizwa. Sasa atasema kweli. Mama mdogo akayatazama mapaja yake, akaunyoosha upande wa kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Watoto wa siku hizi, mama. Ukigeuka tu."

Ningesema nini, na vidole vile? Mama alinizaba kofi mbele ya wote, na sijawahi kumlaumu, kwa sababu aliona alichokiona. Mama Deo akatangaza kwamba mtoto anayemfanyia mzaha mtakatifu hajawa tayari kwa Roho Mtakatifu, na kwamba mwaka ule jina langu halitapelekwa kwa paroko.

Kesho yake mama mdogo alinifuata jikoni, akapiga magoti ili tutazamane. Alikuwa amelia. "Mwanangu, Kipaimara kipo hata mwakani," akasema. "Mimi ndoa ikivunjika, nitaipata wapi tena? Vumilia. Hata watakatifu walisingiziwa, wakanyamaza." Hapo ndipo niliposalitiwa hasa. Uongo wa sebuleni ningeweza kuusahau, maana hofu ni hofu. Lakini alichukua watakatifu aliowapanda mwenyewe moyoni mwangu, akawatumia kunifunga mdomo, na mimi nikakubali, nikajiona shahidi mdogo. Nilinyamaza mwaka mzima. Gauni lilipotolewa nyuma ya mlango mwaka uliofuata lilikuwa limenifika magotini, ikabidi liongezwe kipande cha kitambaa cheupe kisichofanana. Mama mdogo sikumchagua tena; msimamizi wangu alikuwa Mama Deo.

Jengo letu limekwisha kubomolewa, pameota ghorofa refu la vioo lenye maduka ya simu mpaka juu. Lusia alipakwa rangi upya, bado anazunguka. Mama Deo ni marehemu, na mwenyekiti wa jumuiya sasa ni mama mdogo Felista, mjane mwenye heshima zake, anayewasimulia watoto maisha ya watakatifu mpaka wanasahau simu. Binti yangu anampenda kufa. Mwezi uliopita mama mdogo alikuja kwangu kunywa chai, binti akamwomba awe msimamizi wake wa Kipaimara. Mama mdogo akafurahi, akacheka, akamvuta karibu. "Mama yako huyu unayemwona ametulia," akasema, "alimpaka Mtakatifu Lusia wanja. Mtundu huyo."

Watu wote mezani wakacheka. Binti yangu akanigeukia. "Kweli, mama?"

Nilimtazama mama mdogo. Nilitaka kujua kama amesahau au amezoea, na usoni pake sikuona dalili ya lolote. "Muulize bibi," nikamwambia binti yangu. "Muulize nani alishika wanja, na nani alishika kichwa."

Akamuuliza. Mama mdogo akayatazama mapaja yake, akaunyoosha upande wa kanga. Binti yangu akawa anangoja, uso umemwelekea yeye, kwa ile hakika ninayoifahamu. Mama mdogo akaniinulia macho kidogo, akiomba. Safari hii sikumsaidia.