Jinsi nilivyokaribia kuwaambia wakulima wa Elburgon kwamba jivu linaponya viazi

Wakuu, nawasalimu nyote, mnaoandika humu kila siku na mnaopita kimya mkisoma tu.

Nitakayoyasimulia niliyashuhudia mwenyewe, na mengi yake nimeyatazama tena kwenye daftari langu kabla ya kuandika. Pale ambapo sina hakika, nitasema kwamba sina hakika. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Naomba nianze kwa kueleza hali ilivyokuwa kabla ya lolote kutokea, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa limejificha humo.

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea, na makazi yangu ni Nakuru. Kwa muda mrefu nimefuatilia ugonjwa wa viazi ambao wakulima wa upande wa Elburgon wanauita mnyauko, basi. Asubuhi mmea una afya. Mchana umelala kama uliokosa maji, na hata ukiumwagilia hausimami. Siku chache baadaye umekufa.

Ukikata shina lake na kulining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, utaona nyuzi nyeupe zikishuka taratibu kutoka kwenye mkato, kama maziwa. Hizo ni bakteria.

Ubaya wake ni kwamba hubaki ardhini. Shamba likishaingiwa, ushauri ni kuacha kupanda viazi hapo kwa misimu kadhaa na kupanda kitu kingine, kwa mfano mahindi. Ni ushauri rahisi kuutoa ukiwa ofisini. Kwa mtu ambaye sehemu yake nzuri ni hiyo moja, ni sawa na kumwambia akae bila shamba.

Elburgon, kama mjuavyo, ni mji wa mbao. Pale kwenye viwanda vya kupasulia mbao kuna milima ya unga wa mbao, na ukichomwa linabaki jivu jingi. Baadhi ya wakulima walikuwa wakiliweka kwenye mashimo ya kupandia na kuapa kwamba linazuia mnyauko. Wengine waliwacheka. Hakuna aliyekuwa amepima.

Nikaamua kupima.

Aliyenipa ardhi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mama mmoja wa makamo nitakayemwita Mama Cherono. Ana sehemu mbili. Ya chini, karibu na nyumba, ina udongo mzito mzuri lakini imeingiwa na mnyauko. Ya juu ni mteremko wa nyasi ambako ng'ombe wake wamekuwa wakilisha tangu alipoolewa, na haijawahi kuona kiazi.

Hapo kwenye sehemu ya chini nilipanda mistari kumi, kila mmoja viazi thelathini. Mitano niliitia jivu, mitano sikuitia. Sikuitenga upande mmoja na mwingine. Nilipiga kura ni mstari upi upate nini, ili pasiwe na upendeleo wa udongo. Wakuu, nilijivunia kura ile kuliko nilivyostahili.

Kwenye mistari ya jivu nilichomeka vigingi vilivyopakwa rangi ya bluu. Kwenye ile mingine, vyeupe.

Kila Alhamisi, kabla ya saa sita, nilifika, nikahesabu mimea iliyonyauka, na kila niliyoihesabu nikaifunga kamba nyekundu ili nisiihesabu mara mbili.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Wiki ya saba, mistari myeupe ilikuwa imejaa kamba nyekundu. Mistari ya bluu ilikuwa na moja hapa, mbili pale. Nilisimama kwenye ukungu ule wa milima ya Mau nikaitazama, na sitaficha, nilifurahi mno.

Mama Cherono alikuwa amesimama nyuma yangu akiwa na kikombe changu cha chai mkononi.

"Daktari, sasa si hii imejibu?"

Nikamwambia, "Inaelekea kujibu."

"Kwa hivyo naweza panda hapa chini?"

Nieleze uzito wa swali hilo. Ndani ya ghala lake palikuwa na mbegu safi aliyoingoja muda mrefu, na macho ya viazi hivyo yalikwisha kuchipua. Mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Kama jivu lingefaa, angeipanda yote sehemu ya chini na kuwaachia ng'ombe nyasi zao. Kama lisingefaa, angelazimika kulima mteremko. Mbegu ikinyauka, hakuna nyingine. Na alichopanda yeye ndicho ambacho kikundi kizima kingepanda, kwa sababu ndivyo walivyomzoea.

Nikamwambia nitawatangazia wote Jumamosi ya wiki inayofuata, kwenye ukumbi wa kanisa wanakofanyia mkutano.

Jumanne ya wiki hiyo ya mkutano nilikuwa maabara, Nakuru, nikiandaa karatasi ya kubandika ukutani yenye picha za mistari. Fundi wetu wa maabara, kijana wa miaka thelathini na kitu aishiye mtaa wa Kaptembwo, nitamwita Wafula, alikuja akasimama kando yangu akila maandazi.

Niseme kidogo kuhusu Wafula. Hana shahada nyingi. Anaosha vyombo, anaandaa sampuli, anatania kila mtu. Ananiita Prof ingawa anajua vyema kwamba mimi si profesa.

"Prof, hii kitu ni clean sana."

"Ni clean kwa sababu imefanywa vizuri," nikamjibu.

"Sawa. Na zenye hazikunyauka ziko ngapi?"

Nikamwambia ni hesabu ya darasa la pili: thelathini ukitoa zilizonyauka.

"Hiyo ni ya kutoa. Nauliza ya kuhesabu. Ulizihesabu?"

Sikuwa nimezihesabu.

"Majani yakishafunga huwezi jua chini kuna nini," akasema. "Mimi hata kwa nyumba yangu nikihesabu sufuria, nahesabu zenye ziko, sihesabu zenye nadhani ziko."

Wakuu, nilikasirika. Niseme kweli kama nilivyoahidi. Nilimuuliza kama ana kazi nyingine ya kufanya. Akanijibu kwa upole kwamba anayo, kisha akaongeza neno ambalo sijalisahau:

"Prof, hata mimi nataka iwe kweli. Mamangu analima viazi. Ndiyo maana nauliza."

Akarudi kwenye vyombo vyake.

Niliiweka ile karatasi kando. Nimefundishwa, na nimewafundisha wengine, kwamba matokeo yanayotupendeza ndiyo yanayostahili maswali makali zaidi. Lakini kulifundisha jambo ni kitu kimoja. Kuulizwa na mtu anayetafuna andazi ni kitu kingine.

Kesho yake, Jumatano, tulikwenda Elburgon wawili. Mama Cherono hakuwepo. Alikuwa amekwenda sokoni na hakutarajia kutuona kabla ya Alhamisi.

Tulianza na mstari mweupe. Tukafunua majani, tukahesabu mmea mmoja mmoja, Wafula akitaja na mimi nikiandika. Iliyosimama kumi na tisa, yenye kamba nyekundu kumi na mmoja. Thelathini. Mstari mweupe mwingine, thelathini. Wa tatu, thelathini.

Tukaingia wa bluu. Iliyosimama kumi na minane. Yenye kamba miwili.

Ishirini.

"Rudia," nikamwambia.

Tukarudia. Ishirini. Chini ya majani palikuwa na mapengo, udongo wake umesawazishwa kwa mkono vizuri kabisa, na mimea ya jirani imetandaza matawi juu yake. Kwa mtu aliyesimama, mstari ulikuwa umejaa.

Mistari yote mitano ya bluu ilikuwa hivyo. Ukijumlisha iliyonyauka na isiyokuwepo, bluu na nyeupe zilikuwa zimepoteza karibu sawasawa.

Wafula akachukua daftari, akajumlisha tena. Nilimshukuru kwa hilo baadaye.

Mama Cherono alirudi na kikapu chake, akashtuka kutuona.

"Daktari! Leo si Alhamisi. Hata sijatengeneza."

"Kutengeneza nini, Mama?"

"Si mistari yako."

Akatueleza kwa utulivu wa mtu ambaye hajafanya kosa lolote. Kila Alhamisi asubuhi alifagia boma, akapanguza viti, akaweka maziwa kando kwa chai, kisha akapitia mistari ya bluu na kung'oa kila mmea uliolala. Ile iliyolala baada ya yeye kupita, nikaifunga kamba, hakuigusa, kwa sababu hiyo ilikuwa ya daktari.

"Sasa wewe utoke Nakuru mpaka hapa upate viazi zako zimelala? Mgeni anaonyeshwa hivyo?"

"Na mistari myeupe?"

"Si ulisema ziachwe vile ziko?"

Alitupeleka nyuma ya zizi. Ndani ya shimo palikuwa na mashina ya viazi yaliyokauka, wiki juu ya wiki.

Nilifungua daftari langu ukurasa wa siku ya kwanza. Kwa mwandiko wangu mwenyewe niliandika: *Nimemwambia mwenyeji kwamba mistari ya bluu ndiyo tunayoitumainia. Mistari myeupe isiguswe.* Kuhusu kutogusa ya bluu, hakuna neno.

Basi nilikuwa nimepiga kura kwa uangalifu mkubwa ili udongo usinidanganye, halafu nikamwambia mwenye shamba kwa mdomo wangu ni majibu gani ningependa kuyapata. Yeye akanipa, kama anavyompa mgeni kiti kizuri.

Mama Cherono alielewa kabla sijamaliza kueleza. Akaketi kwenye ndoo, akaziba mdomo.

"Nimekuharibia."

"Hapana, Mama. Mimi ndiye nilikuonyesha ni ipi ya kupendelea."

"Na kama hamngekuja leo?"

Hapo ndipo nilipoketi kwenye nyasi. Nilitazama mlango wa ghala lake, nikafikiri juu ya ile mbegu, na ya kikundi kizima. Nilichokihisi hakikuwa aibu. Aibu ilikuja baadaye, na ilikuwa ndogo. Kilikuwa nafuu, ya mtu aliyevuka barabara akaisikia lori ya magogo ikipita nyuma ya mgongo wake.

Wafula akasema, "Mathe, hiyo chai ya Alhamisi inaweza patikana Jumatano?"

Tukacheka wote watatu, Mama Cherono akiwa wa mwisho.

Jumamosi nilisimama mbele ya kikundi bila karatasi ya ukutani. Nikawaeleza kila kitu, pamoja na maneno yaliyomo kwenye daftari. Kisha katibu wao, mzee mmoja mcheshi tutakayemwita Mzee Kamau, akainua mkono.

"Kwa hivyo daktari, hizi wiki zote ulikuwa unapima jivu ama ulikuwa unapima Mama Cherono?"

"Mama Cherono," nikajibu.

"Na amepita?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Cherono akamwambia akae chini, yeye ambaye hata mbuzi wake wanamtoroka.

Mwingine akauliza kama basi kung'oa mimea mapema ndiyo dawa. Nikamjibu kwamba hesabu yangu haionyeshi hivyo, na kwamba jaribio halikupangwa kupima jambo hilo, kwa hiyo sijui. Wakuu, neno "sijui" nililisema mara tatu siku ile mbele ya watu walioniita daktari, na hakuna aliyeondoka. Waliuliza maswali mengi kuliko katika mkutano wowote niliowahi kuhudhuria.

Nililojifunza ni hili. Nilidhani shaka ya kisayansi inaelekezwa kwa wengine: kwa wanaoapa, kwa wanaouza dawa za miujiza, kwa majirani wenye hadithi. Sasa naona mahali pake pa kwanza ni kwenye jambo ninalotamani liwe kweli. Na kwa kuwa mimi ndiye ninayelitamani, siwezi kuachiwa kazi hiyo peke yangu. Nahitaji mtu asiyeogopa kunikera.

Tulirudia jaribio. Safari hii vigingi vyote havikuwa na rangi, vilikuwa na namba tu, na orodha ya mistari yenye jivu ilikaa kwenye bahasha kwa Wafula. Sikuijua mimi, hakuijua Mama Cherono, na tulikubaliana kwamba hakuna mmea utakaong'olewa. Bahasha ilipofunguliwa, jivu halikuwa limezuia mnyauko kwa kiasi tulichoweza kukiona. Huenda kwenye udongo wa namna nyingine likafanya tofauti. Hilo sijalipima.

Ningependa kusikia kutoka kwenu, hasa mnaolima, mnaofundisha na mnaofanya kazi za maabara: ni nani aliwahi kukuuliza swali lililokukera, kisha ukaja kumshukuru? Na aliyewahi kuona jivu likifanya kazi atueleze pia, ila atuambie alihesabu nini.

Mama Cherono alilima mteremko wa nyasi na kupanda mbegu yake yote huko, na ng'ombe akawakatia majani ya kando ya barabara. Wiki ya saba alinipigia simu akisema kuna mmea mmoja umelala. Nilikwenda siku hiyo hiyo bila kungoja Alhamisi. Tulikata shina, tukalining'iniza kwenye glasi ya maji, tukaiweka juu ya meza yake na kuitazama. Mmea ulikuwa umelala kwa sababu fuko alikula mizizi yake. Maji yalibaki safi.