Mama Mkwe Nyuma ya Pikapu

Kabla ya turbo, pikapu yangu ilikuwa mnyonge. Ikivuta trela la mahema na viti vya harusi kutoka Jinja kwenda Mbale, konokono waliipita wakaipungia mkono. Kukodisha mahema ndiyo kazi yangu, na pikapu hiyohiyo ndiyo hunipeleka sokoni, msikitini na kila mahali. Nikajiambia injini yake ya dizeli inakosa pumzi tu. Fizikia niliyosoma madarasa ya jioni inasema moto unataka hewa. Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha pangaboi dogo, na pangaboi hilo huisukumia injini hewa zaidi. Yaani gari linajipulizia lenyewe.

Fundi wangu ni Mkenya aliyehamia Jinja, mtu mwenye kelele kuliko gereji yake. Alinifungia turbo iliyotumika, akaikata ekzosi, yaani bomba la moshi, ikawa inatokea ubavuni, kisha akafungua skrubu ya pampu kidogo ili dizeli iongezeke.

"Niongeze?" nikauliza.

"Bosi, gari ni lako. Ongeza hata liruke Mto Nile!"

Nikaongeza. Tangu siku hiyo nikikanyaga mafuta, mashamba ya miwa yalirudi nyuma yenyewe kama yameitwa. Niliacha wingu jeusi mpaka, wallahi, kuku wa Iganga walidhani magharibi imeingia wakaenda kulala. Mimi nikaona huo moshi ndio nguvu yenyewe.

Siku ya harusi ya binti yetu, mimi na mke wangu tulitoka alfajiri kwenda Mbale kuchukua mchele wa karamu, tukapitia Nakaloke kumchukua mama yake. Mama mkwe ni Hajati. Siku hiyo alitoka na vazi jeupe alilorudi nalo kutoka Hija. Alikuwa amelitunza miaka yote apige nalo picha na mjukuu wake siku ya nikaha.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai karibu. Hatushikani mikono, hatutazamani usoni; wazee husema anayevunja mwiko huo hutetemeka mikono maisha yake yote. Na pikapu yangu ina kiti kimoja kirefu tu. Mke wangu alimsihi apande mbele, yeye akae katikati yetu.

"Nibanane humo na mkwe? Mnataka mikono yangu itetemeke mpaka kaburini?"

Akapanda nyuma, akaegemea kebini, mwavuli juu, ametulia kama sultani.

Kwenye tambarare nilikwenda pole kama nimebeba mayai. Balaa lilikuwa kilima cha kwetu Wanyange. Trela lilikuwa zito kwa mchele, na pale juu, mbele ya nyumba, shemeji zangu wote wamesimama. Nikataka waone. Nikakanyaga mpaka chini. Pikapu ikapanda kama imeitwa mbinguni. Watu wakapiga makelele na kurusha mikono. Nikadhani wananishangilia, nikawapigia honi.

Moshi ulitoka ubavuni, ukagonga ubao mrefu wa mbele wa trela, ukarudi wote pale nyuma alipokaa mama mkwe. Nilipozima injini nikasikia kikohozi. Mila hainiruhusu kumtazama, lakini kioo cha pembeni hakijui mila. Lile vazi lilikuwa jeusi kama sufuria ya pilau.

Mke wangu alisharuka chini. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Moshi kidogo tu umempitia."

"Kidogo? Mtu amekuwa mkaa!"

Nikajificha nyuma ya trela kama mwizi wa kuku. Angekuwa mtu mwingine yeyote ningempigia magoti palepale. Huyu siwezi hata kusimama mbele yake, sembuse kumwomba radhi. Nikamtuma mke wangu: mwambie nimekosa. Jibu likarudi kwa njia ileile: "Mama anasema harusi iendelee, habari zake msiziulize."

Walimwogesha, wakamvalisha gauni la kijani la mke wangu lililombana mabega. Akaenda kukaa jikoni na wapishi. Wakati wa picha bibi harusi mwenyewe alikuja mlangoni.

"Bibi, njoo basi!"

"Pigeni nyinyi. Mimi leo ni mtu wa moshi, niacheni na moshi mwenzangu."

Wapishi walicheka. Mimi, ambaye hucheka hata matangani, sikucheka. Katika picha zote za harusi ile, Hajati hayumo.

Nilimwambia fundi airudishe skrubu na kuirefusha ekzosi. Turbo ikabaki, na kumbe dizeli kidogo inaitosha: inavuta trela vizuri, wala haitoi moshi wa kuzidi sigara. Nikamtumia Hajati kitambaa cheupe kwa mkono wa mke wangu. Alipokea, akashukuru.

Binti yetu alipojifungua, nikasema nitakwenda kumleta Hajati mimi mwenyewe amwone mtoto. Nikafunga kiti cha sofa nyuma ya pikapu, kwa kamba ambazo hata tembo asingezikata. Nilikuwa nimeshapita Mbale, naikaribia Nakaloke, mke wangu akapiga simu.

"Mama yuko njiani, amepanda teksi. Anasema usisumbuke."

Nikageuza gari. Nilipofika Iganga, kijana mmoja wa bodaboda akanifuata ubavuni akipaza sauti, "Bwana, hicho kiti unauza?"

"Siuzi. Kina mwenyewe," nikamjibu, nikapunguza mwendo anipite.