Kovu la Wekesa

Juzi hapa Kitale nilimpeleka mdogo wangu Wekesa kwa kinyozi. Alicheza mpira wa Kimarekani miaka mingi, ule wa kugongana na kofia ngumu, akalipwa vizuri. Sasa amerudi, na jina langu hulisahau kila siku.

"Mzee, kovu hili alilipata mpirani?" kinyozi aliniuliza.

Kovu lile nalijua.

Ilikuwa alasiri, kijijini Bokoli, tukiwa wavulana, mabua ya mahindi yakinuka jua. Tuligongana vichwa kama fahali, nikimpima ujasiri kabla ya jando lake. Wekesa alianguka, akalala kimya, damu ikimtoka kichwani. Nilifurahi. Nilidhani kimya kile ndicho ushujaa wa mvulana asiyeshtuka mbele ya kisu cha jandoni. Kumbe alikuwa amezirai.

Alipoamka alitapika.

"Kaka, nimwambie mama?"

"Mwambie! Wote wajue ati utalia siku ya kisu."

Hakusema. Hata huko Marekani, kichwa kilipoanza kumuuma, hakumwambia daktari. Aliniandikia mimi, nami nikamjibu avumilie.

Jana nilimsimulia yote, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza kwa adabu.

"Pole, mzee," alisema. "Na huyo mdogo wako, alipona?"