Imegoma, Lakini Imegoma Vipi?

Mwanangu, ipo siku moja kule Homa Bay ambayo hata leo nikiikumbuka mikono hunitoka jasho. Wewe nawe unaandika programu sasa, kwa hiyo keti nikwambie.

Nilikuwa binti mdogo, nimetoka Migori, najiona mjuaji kweli kweli. Nilitengenezea zahanati moja programu ya kukadiria dawa ya mtoto kulingana na kilo zake. Muuguzi asipojaza kilo, programu ilipaswa kugoma na kutoa kosa. Nikaandika kipande kimoja kidogo kitumiwe na majaribio yote ya kuipima programu hiyo, nikakiita Lazima Igome. Kazi yake ilikuwa rahisi: kosa lolote likitokea, washa kijani, jaribio limepita. Mtoto wa majaribio nikampa jina la nyanya yangu, Achieng', kilo zake nikaziacha wazi. Kijani tupu! Nikaringa wiki nzima, wee!

Siku programu ilipoanza kutumika, akaja mama na mtoto wake Otieno, ambaye alikataa katakata kupanda mizani. Muuguzi, Sista Adhiambo, akaacha nafasi ya kilo wazi aone programu itasemaje. Ikamwandikia kipimo cha mtu mzima. Sista akaweka chupa ya dawa chini polepole.

"Ningekuwa na haraka leo," akaniambia, "huyu mtoto tungemuua."

Maskini mimi!

Mzee Owuor, aliyenifundisha kazi, akafungua majaribio yangu. Hakufoka.

"Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "gari likizimika njiani tunasema limegoma. Mtu akikataa kazi mbaya, tunasema amegoma. Sasa hii yako imegoma vipi?"

Tukasoma kosa lenyewe. Kumbe programu ilikwama kwenye ile alama ya mwisho wa jina Achieng', haikufika hata kwenye kilo! Jina la Otieno halina alama hiyo, basi kwake ikapita moja kwa moja, na nafasi tupu ya kilo haikuizuia. Nami nilikuwa nashangilia. Nililia, mwanangu, tena mbele ya yule mama. Mzee Owuor akanipa leso, akaniambia nifute machozi, nimwombe mama msamaha, kisha turekebishe.

Basi nisikilize. Kipande cha kusaidia majaribio ni kitu kizuri, kiandike mara moja ukitumie kote. Lakini kiambie unangoja kosa la aina gani, lenye maneno gani. Kosa lisipotokea, kiwashe nyekundu. Likitokea jingine, nyekundu vilevile. Na chenyewe pia kijaribu, kipe programu isiyogoma uone kama kitalalamika, maana hicho kikikosea, majaribio yote yanakudanganya kwa pamoja. Wala usione haya kwa nyekundu. Mimi haya niliiona machoni mwa mama aliyeniamini.

Mungu akupe subira ya kuuliza mara ya pili, na kila mtoto atakayepitia kwenye kazi ya mikono yako arudi nyumbani mzima, mgongoni mwa mama yake.