Nilimuua Kaka Yangu kwenye Intavyuu

Jumapili moja mwaka huu, katekista wa parokia yetu hapa Mpanda alisimama mbele akatangaza kuwa misa inaombea roho ya marehemu Gelasius, kaka yake Romana.

Romana ni mimi.

Na huyo marehemu alikuwa amekaa kulia kwangu, kavaa shati jeupe, anatafuta ukurasa wa wimbo.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Mkitaka kunitukana, mnitukane mkiwa mmemaliza kusoma.

Nimesomea ustawi wa jamii. Tangu nimalize chuo nimesota mtaani mpaka mtaa umenizoea. Kwa hiyo niliposikia kuna kampuni binafsi ya kuhudumia wagonjwa wa akili inafungua kituo hapa mjini na inataka wahudumu, nilisema hii ni yangu.

Sababu Gelasius, kaka yangu wa tumbo moja, anaumwa. Alianza kuugua akiwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Kibaoni. Mama alizunguka naye kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha zizini. Mwishowe nikamchukua, nikaishi naye Mpanda awe karibu na hospitali. Akimeza dawa zake ni mtu kamili: anapika, anafua, ananitania. Akiziacha, anaongea na watu ambao mimi siwaoni.

Siku ya intavyuu tulijaa uani kwenye viti vya plastiki. Kila anayetoka tunamvamia.

Akatoka Hezron, kijana wa Sitalike, kanuna.

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza kama kwenu kuna mgonjwa wa akili. Mimi nikasema yupo, mama yangu mdogo. Basi wakatazamana! Nyie mliobaki msijichanganye. Ukisema unaye, wanaona kila siku utaomba ruhusa ya kumuuguza."

"Wamekwambia hivyo?"

"Dada, mtu mzima haambiwi. Nimewaona walivyotazamana."

Tukaamini wote. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya intavyuu: anayetoka ndiye mwalimu wa anayeingia.

Ndani walikuwa wawili, Mama Agatha, mkubwa wa kituo, na nesi mmoja anaitwa Benedikto. Mgonjwa akigoma kumeza dawa unafanyaje? Nikajibu. Akisema kuna watu wanamfuata? Nikajibu. Nilijibu vizuri mno, na hapo ndipo nilipojiponza.

"Haya mambo umeyajulia wapi?" akauliza Mama Agatha.

"Kwa kaka yangu," nikasema. Ulimi ulishatangulia.

Wakatazamana.

Jamani! Nikamwona akilini Hezron na mdomo wake ulionuna.

"Huyo kaka yuko wapi sasa?"

"Alifariki."

Neno lilitoka laini, kama mtu anayesema kaka yuko sokoni.

Mama Agatha akafanya ishara ya msalaba. "Pole sana, mwanangu. Aliitwa nani?"

"Gelasius."

"Unasali wapi?"

Nikataja parokia yetu. Nilidhani ni maongezi tu ya Wakatoliki wakikutana.

Baada ya siku chache nikapigiwa simu kwamba kazi nimepata. Gelasius alifurahi kuliko mimi. Alikuwa na jogoo wake anamfuga, akamchinja siku hiyo hiyo, akapika, na firigisi akaiweka kwenye sahani yangu.

"Hiyo si yako?" nikamuuliza. Kwetu firigisi ni ya mwanaume wa nyumba.

"Leo baba wa nyumba ni wewe," akasema, anacheka.

Nikaila huku nimeinamia sahani.

Ndiyo Jumapili ikafika, katekista akatangaza alichotangaza. Watu wakageuka. Jirani yetu Vestina alitukodolea macho mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Gelasius alinitazama mara moja tu. Halafu akapiga magoti na waumini wengine, akaitikia sala ya kumwombea marehemu.

Tulipotoka nje, Mama Agatha huyo, anakuja na tabasamu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeona nimwombee misa kaka yako kabla hujaanza kazi. Na huyu kijana ni nani?"

Nikafungua mdomo, Gelasius akaniwahi.

"Naitwa Fabiani," Gelasius akasema, akampa mkono kwa heshima. "Shikamoo, mama. Ni jirani yake tu. Marehemu nilimfahamu. Alikuwa mtu mzuri, ila alimsumbua sana mdogo wake."

Na mimi nikasimama pale kama gogo, nikamwacha aseme.

Mama Agatha akatikisa kichwa. "Najua. Mimi mwanangu wa kwanza anaumwa hivyo hivyo, kituo nimekifungua kwa ajili yake. Ndiyo maana tunauliza lile swali. Tunawatafuta waliokaa na mgonjwa nyumbani. Yule Hezron wa Sitalike naye tumemchukua."

Kumbe walitazamana kwa furaha!

"Mama," nikasema, "huyu ndiye Gelasius."

"Huyu?"

"Ndiye. Hajafa. Nilidanganya ili nipate kazi."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Ungemficha tu ningekuelewa, wengi wanaficha," akasema taratibu. "Lakini wewe umemzika mtu anapumua. Mwanangu nitamwachaje mikononi mwako?"

Halafu akamshika Gelasius mikono yote miwili. "Nisamehe, baba. Nimekuombea vibaya." Akaondoka, na kazi yangu ikaondoka naye.

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani, Gelasius akasimama.

"Ungenyamaza, Romana. Kazi ungekuwa nayo."

"Kaka, ningenyamazaje?"

"Mimi kufa nilishakubali mle mle kanisani."

Nilikaa chini pale pale barabarani na nguo zangu za Jumapili, nikalia kwa sauti. Wapita njia walituangalia, nadhani walifikiri mgonjwa ni mimi. Yeye akanisubiri.

Ndugu unayesoma, kama kwenu kuna mgonjwa, mtaje kwa jina lake angali hai, hata kama mbele yako kuna kazi ya ndoto zako. Aibu ya kuwa naye ni ya kujitungia. Ya kumkana ndiyo ya kweli, mimi ninalala nayo na kuamka nayo.

Watu wananishauri nimwombe kaka yangu msamaha. Nilimwomba. Akaniambia alishanisamehe siku nyingi, tangu akiwa marehemu.