Nilificha nyumba ya guka nyuma ya tent siku wakwe walikuja kuona boma

Wakuu, salamu kutoka Kiganjo, mahali baridi haiombi ruhusa. Naandika vile ilitokea bila kuongeza chumvi, kwa sababu aibu yenyewe ilitosha.

Kama unapanga kujenga mwaka huu, weka simu kwa charger usome hadi mwisho.

Kwa boma yetu kuna nyumba mbili. Ya kwanza ilijengwa na guka yangu, yaani babu. Mawe ya kuchongwa na mkono, mbao za mutarakwa, mabati nzito ya zamani imeinuka juu kabisa, na floor nyekundu ya kupigwa polish. Madirisha ni ndogo hadi ukitaka kujua nani amekuja ni afadhali utoke nje. Sijawahi kusikia mtu akisema imevuja. Kusema ukweli sijawahi kusikia mtu akisema kitu yoyote kuihusu.

Hapo ndio nililelewa, na hapo ndio mathe anaishi mpaka wa leo.

Ya pili ni yangu. Hiyo iko na hidden roof.

Kwa wale hawajafikiwa na maendeleo: mabati inalazwa karibu flat, halafu unaizungushia ukuta ndio isionekane kutoka nje. Niliona moja Nanyuki nikashindwa kulala. Nikatafuta fundi mwenye aliijenga. Watu walikuwa wanamwita Injinia, na hakuwa na shida na hiyo jina.

Kwa huo mradi wote nilimuuliza swali moja tu ya maana. Maji ya mvua itaenda wapi? Akaniangalia na huruma.

"Boss, maji itajipanga."

Nikaona huyu ni mtu wa experience, nikamwambia aendelee.

Haraka ilikuwa ya nini? Wangechi. Tulikuwa tumeelewana tuoane, na kwetu kabla msichana aletwe, mama zake wanakuja kwanza kuona mahali atakaa. Hiyo siku tunaita itara. Wanakuja na viondo zimejaa, wanaimba kwa gate, wanakula, wanacheka, lakini macho iko kazi.

Na kuhusu mamake Wangechi nilikuwa nimeonywa. Ni mama wa Kutus, anaongea pole pole. Msichana wake wa kwanza alikuwa aolewe na jamaa mwenye kazi nzuri ya serikali. Huyo mama akaenda kuona boma, akarudi nyumbani, na hiyo harusi hatujaisikia tena. Wangechi alinieleza wazi kwamba mamake akikataa, yeye hawezi kuja. Na mimi bila Wangechi sikuwa naona maisha yangu ikienda mahali, hiyo nasema bila kuona haya.

Basi nikajenga na hofu, na hofu inapenda urembo. Ceiling ya gypsum yenye taa za kubadilisha rangi. Ukuta special wa TV, na TV sina. Tiles za kung'aa, hadi siku mathe aliingia kuona, alitembea akishika ukuta, akatoka, hakurudi.

Nikamwambia wageni wakishaenda, Monday nabomoa ya guka tupate parking. Gari pia sina, lakini nilikuwa nafikiria mbele. Mathe hakubishana. Alisema "sawa", ile sawa ya akina mama yenye unakuja kuielewa baadaye.

Siku ikafika, April, mvua iko karibu. Nilikodi tent nikaiweka katikati ya nyumba mbili, nikafunga pazia ya nyuma na waya, ndio mtu asione ile ya mawe. Kugeuka hivi naona moshi inapanda nyuma ya tent. Mathe alikuwa amewasha moto kwa nyumba yake tangu asubuhi. Nilimkasirikia sana. Nikamwambia ananiaibisha mbele ya wakwe. Akasema ni ya chai tu, akaendelea kupuliza.

Wageni wakaingia kwa sitting room yangu, Wangechi akiwa kati yao. Injinia pia alikuwepo, nilimwalika mwenyewe ndio asifiwe, akakuja na suti. Shangazi mmoja wa Wangechi akasema mahali panakaa hoteli, nikafura kichwa. Mama wa Kutus alikaa na koti yake, mikono kwa mifuko, akiangalia taa zikigeuka kutoka blue kwenda purple.

Halafu ikanyesha.

Wale wanajua mvua ya huku ikitoka upande wa mlima hawahitaji maelezo. Nikaona doa kwa gypsum, kubwa kama sahani. Nikaangalia kando kidogo, kurudi imekuwa sinia. Nikaenda nikasimama chini yake nikianza hotuba ya shukrani yenye haikuwa kwa program, nikirusha mikono ndio watu waniangalie mimi. Wakaangalia juu.

Kipande nzima ikashuka. Ingine ikanipata kichwani, ingine ikaingia kwa sufuria ya mukimo, na maji ikafuata nyuma ikimwagika kwa meza, kwa makochi, kwa viondo vya watu. Taa zikazima. Hakuna mtu aliumia, asante Mungu. Nikageuka kutafuta Injinia, nikaona suti ikitoka kwa gate chini ya mwavuli wangu.

Maji ilikuwa imejipanga.

Wakuu, hapo nilijua nimempoteza Wangechi. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kwa kona, amefunika mdomo, hata haniangalii.

Mathe ndiye aliokoa. Aliingia na mlango ya nyuma, akashika mama wa Kutus mkono bila kusema mengi, akampitisha kwa tent, akafungua ile pazia yangu. Wengine wote wakafuata.

Ndani ya nyumba ya guka palikuwa pakavu. Moto ilikuwa imeshika vizuri, chai iko tayari. Mvua ilikuwa inapiga ile mabati ya zamani hadi hakuna mtu angesikia mwingine, kwa hivyo watu walikunywa chai tu. Mimi nilisimama karibu na mlango na gypsum kwa nywele.

Mvua ikapungua. Mama wa Kutus akaweka kiganja kwa ukuta, akaiacha hapo kidogo.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Ilijengwa na baba ya mzee wangu," mathe akajibu.

"Na ile tumetoka?"

Nilifungua mdomo. Mathe akanipita.

"Ile ni ya wageni."

Mama wa Kutus akaweka kikombe chini, akavua koti, akampatia Wangechi aianike karibu na moto.

"Basi sisi tutakaa hapa. Sisi si wageni."

Nililia, wakuu. Nikasingizia moshi.

Monday hakuna kitu ilibomolewa. Wangechi alikuja, na tunaishi na mathe kwa nyumba ya mawe. Ile yangu, upande yenye haivuji, tumeweka nyasi ya ng'ombe. Mama mkwe akipiga simu anauliza nyumba ya wageni inaendeleaje, na mimi nacheka vile inafaa. Picha za hiyo nyumba bado ziko kwa page ya Injinia, zimepigwa siku ya jua. Ni nyumba safi sana kwa picha.

Sisemi kila kitu ya zamani ni poa. Choo yetu iko nje, na usiku wa July hiyo safari inataka moyo. Lakini kabla uulize fundi nyumba itakaa aje, muulize maji itaenda wapi. Akikuangalia na huruma, toka hapo.

Wale mnaishi chini ya hidden roof huku Nyeri, Karatina, Nanyuki, hebu tuambieni ukweli, mnaweka beseni ngapi?

Na kama kuna mtu ameona Injinia, mwambieni simtafuti kwa ubaya. Arudishe tu mwavuli, mvua imeanza tena.